Kwa Bibi au Kwenye Majalada: Uanzie Wapi Kumtafuta Babu Asiyetajwa na Historia

Katika ukoo wetu, babu mzaa babu yangu alikumbukwa kwa jambo moja: alikula mbegu. Hakukumbukwa kwa ng'ombe aliokuwa nao wala kwa safari alizofanya, na mwaka aliozaliwa hakuna aliyeujua. Wazee walipotaka kumkanya kijana asiyeweka akiba walimtaja yeye, nasi tulikua tukimwona kuwa mtu mzembe aliyeshindwa kuusubiri msimu. Katika nchi kavu ya Ugogo, katikati ya Tanzania, ambako uwele na mtama hutegemea mvua za msimu mmoja tu kwa mwaka, anayekula mbegu amekula pia mavuno ya mwaka unaofuata, kwa hiyo lawama hiyo haikuwa ndogo.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mwenye babu au bibi wa namna hiyo, ambaye hakuwa mtemi, wala mwalimu wa misheni, wala sajini wa jeshi, bali alilima, akalipa kodi, akazika watu wake na mwishowe akazikwa. Anayetaka kuyajua maisha ya mtu kama huyo pamoja na historia ya wakati wake ana njia mbili kubwa, yaani simulizi za wazee na majalada ya serikali au ya misheni. Kwa kuwa nauli na likizo za wengi wetu haziruhusu zote mbili kwa pamoja, inafaa kujua kila njia inatoa nini na inanyima nini kabla ya kuamua kuanza na ipi.

Jina liko wapi, na mwaka uko wapi

Tofauti ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote. Mzee wa ukoo analo jina la babu yako, ila mara nyingi hana mwaka. Jalada lina mwaka, na hata siku na mwezi, ila mara nyingi halina jina la babu yako. Sababu yake ni namna tawala za kikoloni zilivyofanya kazi. Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, ambayo kwa nyumba ya kawaida ya shamba ilikuwa rupia 3, waliikusanya kwa kupitia maakida na majumbe, yaani watawala wadogo waliokuwa chini yao, na kilichowafikia wakubwa wa boma kilikuwa jumla ya nyumba na jumla ya rupia. Waingereza nao, hasa baada ya sheria ya mwaka 1926 iliyowapa watemi na machifu mamlaka ya kutawala kwa niaba yao, waliandika sana habari za watemi hao, urithi wao na ugomvi wao. Mtu wa kawaida huonekana katika majalada hayo anapokuwa ameshitaki, ameshitakiwa, ameomba kitu au ameadhibiwa. Ikiwa babu yako aliishi kwa amani na majirani na akalipa kodi kwa wakati, uwezekano wa kumkuta kwa jina lake ni mdogo mno.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ni mfano unaoumiza zaidi. Mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki na ya Kati walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi kati ya 1914 na 1918, na jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza, Carrier Corps, limebaki mpaka leo katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Hata hivyo Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina jina la mtu hata mmoja. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, au hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Kwa hiyo, ikiwa kwenu inasemwa kwamba babu fulani alikwenda kubeba mizigo ya vita na hakurudi, nakusihi usianze kwa kutumia akiba yako kutafuta orodha yenye jina lake, maana huenda orodha hiyo haikuandikwa kabisa.

Simulizi, kwa upande wake, hutoa vitu ambavyo hakuna karani wa boma aliyeviona vinafaa kuandikwa: wake zake walitoka wapi, ng'ombe wangapi walikwenda kwenye mahari, nyumba yake ya tembe ilikuwa upande gani wa kilima, alikuwa na sauti ya namna gani alipokasirika. Bibi mmoja wa ukoo wetu, binti wa mdogo wa babu huyo, aliniambia kwamba mjomba wa ukoo alikuwa akimtania kwa sababu ya kutembea haraka hata pale asipokuwa na pa kwenda. Sijui jalada gani lingenipa habari hiyo.

Kumpatia mzee mwaka bila kumwekea maneno mdomoni

Watu wengi huziacha simulizi mapema kwa sababu hazina tarehe. Naona wanakosea, kwani mzee asiyehesabu miaka anajua vizuri sana kitu gani kilitangulia na kipi kilifuata, na kazi ya mtafiti ni kuleta orodha ya matukio yanayojulikana mwaka wake ili maisha ya babu yafungwe humo kama ndama kwenye kigingi. Kwa Ugogo matukio hayo ni mengi: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910, kuingia kwa majeshi ya Uingereza Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, njaa kubwa iitwayo Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, rupia kuondoka na shilingi kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947, na Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, ambayo iliwahamisha watu kwenda katika vijiji vipya na kuacha nyuma mahame na makaburi ya wazee wao.

Fedha zenyewe ni kigingi kizuri. Mzee akisema mahari au kodi fulani ililipwa kwa rupia, unajua kwamba tukio hilo halikuchelewa sana baada ya vita. Ila usidanganywe na neno hela: sarafu ya Kijerumani yenye jina hilo ilianza kutumika mwaka 1904 na ikaondoka na watawala wake, lakini neno lilibaki, na kila mtu analitumia mpaka leo kwa fedha yoyote.

Namna ya kuuliza ndiyo inayoamua kila kitu. Ukiuliza, "Babu alizaliwa mwaka gani?" utajibiwa kwamba haijulikani, au utapewa mwaka wa kukuridhisha wewe, mgeni uliyetoka mbali. Ukiuliza reli ilipofika alikuwa akifanya nini, utapata jibu lenye maana. Mimi niliambiwa kwamba wajenzi wa reli walipopita alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe, hajaoa, na kwamba Wajerumani walipoondoka alikuwa na mke na mtoto mmoja. Kwa majibu hayo mawili nikajua kwamba alizaliwa katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1890 au karibu na hapo, na sihitaji kujua zaidi. Jambo la kujihadhari nalo ni kumtajia mzee jibu ndani ya swali. Ukisema, "Alikuwa mpagazi wakati wa vita, sivyo bibi?" atakubali kwa heshima, nawe utaondoka na uongo ulioutunga mwenyewe.

Kila njia ina kitu inachoficha

Wapo wanaodhani kwamba majalada hayana upendeleo na kwamba wazee ndio hupamba. Mimi nimeona pande zote mbili zikificha, ingawa si mambo yaleyale. Wazee huficha aibu ya ukoo: mtoto aliyewekwa rehani wakati wa njaa, bibi aliyeingia katika ukoo kwa njia ya utumwa, ugonjwa uliosemwa kuwa wa kurithi. Mara nyingi pia simulizi za wanaume hupita juu ya wanawake bila kuwataja, kwa hiyo ni lazima kukaa na akina bibi peke yao, jikoni au wakati wa kupembua nafaka, pasipo kaka zao kuwasahihisha. Vizazi navyo husukumana, babu wawili wakawa mmoja na matendo ya baba akapewa mwana.

Majalada huficha mkono wa serikali iliyoyaandika. Ofisa aliyeeleza njaa katika wilaya yake alikuwa na sababu ya kuitaja mvua, nzige au tabia za wenyeji kabla ya kuitaja amri aliyoitia saini mwenyewe. Ndiyo maana kuyasoma majalada kunahitaji pia kusoma kazi za wanahistoria walioyaweka pamoja majalada ya pande mbalimbali na kuyapima kwa simulizi, na hapo ndipo nilipokutana na Mtunya kwa sura ambayo sikuwa nimeisikia nyumbani.

Nyumbani Mtunya ilikuwa njaa tu, iliyoletwa na mbingu. Jina lenyewe, hata hivyo, hufasiriwa kuwa kunyang'anyana, na lina maana yake. Vita vilipofika katikati ya nchi, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na wanaume kabla ya kurudi nyuma, kisha jeshi la Waingereza likafika na kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume tena, na hitaji la wapagazi likawa kubwa mno mwaka 1917. Mvua zilipokosekana na kuwakuta watu waliokuwa hawana akiba ghalani, hawana mifugo ya kubadilishana na chakula, na wamepungukiwa na mikono ya kulima, njaa ikashika, na mwishoni mwa 1918 homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikawakuta wamedhoofika. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika eneo lililokuwa na watu kama 150,000. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Mwaka ambao babu yetu alikula mbegu, ghala za jirani zake zilikuwa tupu kama lake, na mtu aliyekuwa na mbegu ya kula wakati huo alikuwa tayari amezificha majeshi mawili yasizichukue.

Hicho ndicho kitu ambacho majalada na historia iliyoandikwa hutoa na ambacho simulizi peke yake haiwezi kutoa. Simulizi ilikuwa imehifadhi tendo, tena kwa usahihi, lakini ilikuwa imepoteza sababu yake, na tendo lisilo na sababu likawa tabia mbaya ya mtu mmoja.

Gharama na muda

Kwa anayeishi Tanzania, Nyaraka za Taifa zilizoko Upanga, Dar es Salaam, ndizo za kuanzia. Zina majalada ya Wajerumani, majalada ya Sekretarieti ya Waingereza, na vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri, yaani maofisa wa wilaya, waliandika habari za koo, mila, mipaka na watemi wa maeneo yao. Ulizia mapema utaratibu wa kibali na ada, na tenga siku nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa kuwa siku ya kwanza huishia kwenye kujifunza namna majalada yalivyopangwa. Anayesoma Kijerumani anaweza kupitia kwenye intaneti majalada ya Wizara ya Makoloni yaliyohifadhiwa na Nyaraka za Shirikisho za Ujerumani, ila ajue kwamba mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hujifunza upya kuusoma. Barua za Tanganyika kwenda Wizara ya Makoloni ya Uingereza ziko Kew, London, na za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana), waliofika Mpwapwa miaka ya 1870, ziko katika Chuo Kikuu cha Birmingham.

Simulizi zinahitaji nauli ya basi, sukari, pengine doti ya khanga, na subira ya kukaa jioni nzima bila kutoa daftari. Gharama yake halisi iko katika umri wa anayesimulia. Jalada lililodumu tangu 1919 lina nafasi kubwa ya kuwepo mwaka ujao, lakini bibi wa miaka tisini hana dhamana hiyo, wala dada yake aliye kijiji cha pili. Mimi nilichelewa kumfikia mzee mmoja kwa msimu mmoja tu wa mvua, kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya na kazi zilikuwa nyingi, na nilipofika nilikuta msiba umekwisha. Naandika haya nikiwa bado najuta.

Pale hesabu inapobadilika

Si kila babu ni wa Ugogo, na aina ya maisha aliyoishi inaweza kubadilisha uamuzi. Ikiwa watu wenu waliingia Ukristo mapema, kwa mfano karibu na Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika 1868, au Masasi, au Peramiho, au miteremko ya Kilimanjaro, basi daftari za ubatizo na ndoa zinaweza kukupa jina la babu, la wazazi wake na tarehe kwa mpigo mmoja, na hapo kuanza na karatasi kuna faida kubwa. Kumbuka tu kwamba daftari za Kikatoliki za zamani huwa kwa Kilatini, kwamba jina la ubatizo huenda halikutumiwa na mtu yeyote nyumbani, na kwamba umri wa mtu mzima aliyebatizwa ulikadiriwa na padre kwa macho.

Kwa Kenya kipo kipande, yaani cheti cha utambulisho na kazi, kilichoanza kutolewa kwa wanaume mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuvaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kiliandikwa mwajiri na mshahara, na familia iliyokitunza ina muhtasari wa miaka ya kazi ya mzee wao pamoja na alama za vidole vyake. Kwa Unguja na Pemba, hati za ardhi, wakfu na mahakama zilizoko Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, huwataja watu wa kawaida zaidi ya majalada ya bara. Kwa waliokwenda kwenye mashamba ya mkonge wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, jina lenyewe linasema hali ilivyokuwa: mtu aliitwa kwa namba, na majalada yatakueleza mashamba, safari na posho zaidi ya kumtaja yeye.

Chanzo kimoja husahaulika bila sababu, nacho ni magazeti ya Kiswahili. Mambo Leo, lililoanza kuchapwa na serikali mwaka 1923, lilipokea barua na mashairi kutoka wilaya nyingi, na waandishi wake wengi walikuwa makarani, walimu na wakulima waliojua kusoma. Hata usipokuta jina la mtu wako utakuta sauti za watu wa rika lake wakilalamikia bei, njia na tabia za vijana. Vipimo vya vinasaba sivishauri kwa kazi hii. Vinaweza kukuonyesha jamaa wa mbali, lakini havisemi lolote kuhusu namna mtu alivyoishi.

Uamuzi

Ikiwa yuko hata mtu mmoja aliyemwona babu huyo au aliyelelewa na waliomwona, nenda kwake kwanza, msimu huu, ukiwa na orodha fupi ya matukio ya eneo lenu na bila nadharia yoyote. Majalada yatafuata, na yatakuwa rahisi zaidi kwa kuwa utajua unatafuta wilaya gani, miaka gani na jambo gani. Ikiwa hakuna mzee aliyebaki, au ukoo ulitawanyika kiasi kwamba hata kijiji cha asili kina ubishi, anza na daftari za kanisa au kitabu cha wilaya, kisha utafute wazee wa majirani, ambao mara nyingi hukumbuka yale ambayo wenye ukoo wameyaficha. Vyanzo viwili vikipingana, andika vyote viwili na uonyeshe kila kimoja kimetoka wapi. Usichague kile chenye muhuri kwa sababu tu kina muhuri.

Kuna safari ya tatu ambayo wengi hawaifanyi, nayo ni kumrudishia mzee yale uliyoyasoma. Nilirudi kwa bibi yule nikamwamkia, nikakaa, na baada ya chai nikamweleza taratibu habari za majeshi mawili, ng'ombe waliochukuliwa, wanaume waliopelekwa kubeba mizigo, na idadi ya waliokufa. Sikumuuliza kitu. Alinyamaza muda mrefu akipembua choroko zake, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mama alituambia tusiliseme." Babu alikuwa na mtoto mwingine, wa kike, aliyezaliwa kabla ya njaa na ambaye wakati wa Mtunya alikuwa hawezi tena kusimama. Mbegu zile alisagiwa na kupikiwa uji yeye, kwa siku chache, na hazikumsaidia. Kisha bibi akataja jina la mtoto huyo, ambalo halikuwa katika daftari langu wala katika dua ya ukoo niliyowahi kuisikia, akalirudia mara ya pili ili niliandike vizuri.